Malkia wa Robo ya Damu

Mdogo wangu Winona alizaliwa na ngozi ya chai yenye maziwa mengi, nywele za kulala na macho ya babu yetu Mchina. Mimi nilimtangulia kwa miaka minne, na nadhani nilitoka kwa pupa, maana niliondoka na mabega ya mama, miguu ya baba na weusi wa bibi zetu wote wawili wa Kihawaii. Baba mmoja, mama mmoja, kitanda kimoja. Hata hivyo watu wakitukuta njiani walikuwa wakiniuliza, "Adelaide, huyo rafiki yako ametoka wapi?"

Nasema mapema usije ukanidhania mtu mwema: nilimwonea wivu tangu akiwa kwenye nepi. Nayasimulia maisha yake kwa sababu hakuna anayeyajua kunishinda. Mtu unayemwonea kijicho humpotezi machoni hata siku moja.

Tulikaa Kealanui, magharibi ya kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, mahali ambapo kila mtu alikuwa mtumishi wa shamba moja la miwa. Wajapani walikuwa na kambi yao, Wafilipino yao, Wareno yao kule kilimani. Wahaole, yaani wale weupe wa ofisini, walikaa juu zaidi kwenye upepo. Wareno nao ni weupe ukiwatazama, lakini kwetu hakuna aliyewahesabu hivyo, kwa sababu walifika kufanya kazi na majembe kama sisi. Sisi akina Ahuna hatukuwa na kambi. Baba alikuwa mfungua maji, kutwa anatembea na mifereji, anafungua mlango huu na kufunga ule, na nyumba yetu ilisimama peke yake kando ya mfereji mkubwa.

Baba alikuwa nusu Mchina, nusu Mhawaii. Mama nusu Mreno, nusu Mhawaii. Piga hesabu utatupata mimi na Winona: nusu Wahawaii, robo Wachina, robo Wareno. Kila mtoto wa Kealanui alijua hesabu yake kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na akikutana na mgeni alimsomea kama mtu anayetaja anwani.

Winona alikuwa na kicheko cha kushika ukuta. Alikuwa mkarimu pia, tena kwa vitu vyangu: vibanio vyangu vya nywele, viatu vyangu vya kanisani, sehemu yangu ya samaki. "Dada hatakasirika," ndivyo alivyokuwa akiwaambia watu, na mimi, mbele ya watu, nilikuwa najichekesha.

Na alikuwa na Deolinda. Huyu alikuwa binti wa Furtado kutoka kambi ya Wareno, ambako mama yake alioka mikate kwenye tanuri la mawe lililokuwa uani. Kila alasiri Deolinda alishuka kilima na mkate wa moto kwapani, akaketi na Winona kwenye ngazi zetu za nyuma, wakaanza kunong'ona. Nikitokea tu, wananyamaza.

"Mnasema nini?" nilikuwa nauliza.

"Hamna kitu, dada."

Hiyo "hamna kitu" iliniuma kuliko ngozi yake na nywele zake zote. Nilikuwa dada yake wa damu, nimembeba mgongoni, nimemchana chawa, na siri zake alikuwa anampelekea mtoto wa muoka mikate.

Mwaka 1959 visiwa vyetu vikafanywa jimbo la hamsini. Mwaka uliofuata, kamati ya Kealanui ikaamua kwamba Agosti tutatimiza mwaka kwa gwaride la kuwaonyesha watu wa Marekani bara ni watu gani hawa waliojiunga nao. Huku kwetu hakuna kabila lililo wengi. Kila mtu ni wachache. Basi kamati ikapanga malori manane ya miwa yapambwe, na juu ya kila lori aketi malkia: Mhawaii, Mchina, Mjapani, Mkorea, Mfilipino, Mreno, Mhaole, na la nane la Mchanganyiko, kwa wale wasioeleweka.

Kanuni zilibandikwa kwenye mlango wa duka la shamba, ambako mimi nilikuwa nauza vitambaa. Kanuni ya tatu ilisema malkia awe na nusu ya damu ya taifa lake au zaidi. Hiyo nusu waliiazima kwenye sheria ya viwanja vya Wahawaii, ambako usipofika nusu hupewi kiwanja. Mtu wa kamati aliona nusu ni kipimo cha serikali, kwa hiyo lazima kinafaa kila mahali, akakihamishia kwenye urembo. Watu waliisoma, wakaichukulia kama ua lililochorwa pembeni ya karatasi. Hakuna aliyeanza kupima.

Jumapili moja Mzee Lum Hoy akaja nyumbani na kopo la plamu za chumvi. Alikuwa na kiduka cha dawa za mizizi, na yeye na wazee wenzake watatu ndio Wachina waliobaki kwenye nyumba ya chama chao. Wengine walikwisha hamia Honolulu zamani. Hawa wanne hawakuwahi kuoa.

"Mama Ahuna," alisema, "malori ni manane. Letu halina mtu. Au unataka tupande sisi na meno yetu haya matatu?"

Mama akacheka. "Sasa mnataka nini, Mzee?"

"Binti. Mwenye jina la kwetu."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sinia ya chai. Mimi pia ni Ahuna. Mama hakugeuza hata shingo. "Mchukueni Winona. Macho anayo."

Mzee Lum, kwa adabu zake, alinitazama na mimi. "Na huyu?"

"Huyu? Huyu Mhawaii," mama akasema. "Tena ana kazi yake dukani."

Wahawaii nao walikwisha chagua malkia wao, binti wa wapanda farasi kutoka bondeni, mrefu, mwenye nywele mpaka kiunoni. Hakuna aliyepita kwetu kuniuliza. Nikaweka sinia mezani, nikamimina chai, nikawapa wageni. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na siku ile nilijihisi kama kiti.

Wiki zilizofuata zilikuwa za Winona. Wazee wale wanne walichanga, wakaagiza Honolulu kitambaa chekundu chenye maua ya dhahabu, na kilipofika kikawekwa kaunta kwangu nikikate. Gauni refu la Kichina, kola ya kusimama, mpasuo pembeni. Nilipima kiuno cha mdogo wangu kwa utepe wangu mwenyewe. Kilikuwa kidogo sana, na alikuwa anachekacheka kwa kutekenywa.

"Dada, nikikaa kwenye lori nipunge mkono hivi, au hivi?"

"Punga unavyotaka. Lori halitasimama kukutazama."

"We dada una maneno!" Akanibusu shavuni, akakimbia zake kwa Deolinda kufundishwa kula kwa vijiti. Mreno anamfundisha Mchina kula kwa vijiti! Nilisikia vicheko vyao mpaka dukani, na kijiba cha roho kikanikaba nikashindwa kula chakula cha mchana.

Halafu alasiri moja, nikiwa chumbani, nikawasikia kwenye ngazi. Kuta zetu zilikuwa za ubao mmoja tu, hazizuii kitu.

"Deo, naogopa," Winona alikuwa anasema. "Kanuni inasema nusu. Mimi ni robo."

"Nani anapima, wewe? Nyamaza tu."

"Mzee Lum hajaisoma kanuni. Amenunua na viatu. Usimwambie mtu, hata dada usimwambie."

"Mimi? Nikisema, ulimi uning'oke."

Hata dada. Nilikaa kwenye kitanda tulichokuwa tunalala wote wawili, nikayarudia maneno hayo mawili mpaka yakapoteza maana, kisha yakaipata tena.

Siku ya pili yake Mwalimu Morinaga, katibu wa kamati, akaja dukani kutafuta utepe wa kupambia malori. Mwanamke mfupi, safi, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Aliwahi kutufundisha sote wawili.

"Hivi, Mwalimu," nikasema huku nikishusha jora, "ile kanuni ya tatu ni ya kweli, au ya mapambo?"

"Kanuni ni kanuni, Adelaide."

"Aa. Basi sawa. Nilikuwa nauliza tu."

Hakuondoka. "Unauliza kwa nini?"

"Kwetu Mchina ni babu mmoja tu. Robo. Nikasema labda robo nayo mnaikubali."

Akaweka mikono yake juu ya kaunta. "Wewe ni dada yake."

"Ndiyo maana najua."

"Hili umelala nalo," akaniuliza, "au limekujia sasa hivi?"

"Unataka yadi ngapi, Mwalimu?"

Alisema sita. Nikamkatia sita, na mkono haukutetemeka. Najua baadhi yenu mngetaka nidanganye hapo niseme ulitetemeka.

Mwalimu Morinaga hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye kitu kikishaingia masikioni mwake hawezi kujifanya hakukisikia. Jumatano akaja nyumbani na kofia yake mkononi, akawaambia baba na mama kwamba Winona atahamishiwa lori la Mchanganyiko.

"Nani amesema?" mama akafoka.

"Mtu wa karibu na binti. Siwezi kusema zaidi."

Winona alikuwa amesimama mlangoni na lile gauni limemkaa mwilini, kwa sababu alikuwa akilijaribu. Hakulia pale. Aliingia ndani, akalivua taratibu, akalikunja vizuri kuliko ninavyokunja mimi ninayelipwa kukunja vitambaa.

Mama sasa! Mama alikuwa na domo la Kireno na kifua cha Kihawaii. "Kama ni nusu," alisema, "basi apimwe kila mtu!" Akavaa viatu, akaanza safari kambi hadi kambi. Kufika Ijumaa, Kealanui nzima ilikuwa inachimbuana. Malkia wa Wakorea alikutwa mama yake ni Mhawaii na baba yake nusu Mfilipino. Malkia wa Wahawaii, yule wa nywele mpaka kiunoni, aliibuka na babu Mskoti na bibi Mchina, na kisha bibi mwingine ambaye familia ilikuwa imemsahau kwa makusudi. Alipojumlishwa hakufika nusu. Malkia wa Wareno akaambiwa bibi zake wote wawili na babu mmoja ni Wahispania, na wanaume wawili wakashikana mashati nje ya kanisa kwa sababu ya jambo hilo. Kina mama waliokuwa wakikopeshana sukari walikuwa wanasomeana nasaba juu ya ua. Kumbe sikuwa peke yangu. Kijiji kizima kilikuwa na donge, kilikuwa kinasubiri mtu wa kutangulia.

Siku ya gwaride wakabaki na malkia watatu wenye mataifa: Mjapani, Mfilipino na Mhaole. Lori la Mchanganyiko lilijaa wasichana wanne wamebanana na mashada yao ya maua, na ndilo lililoshangiliwa kuliko yote. Kiti cha tano kilikuwa cha Winona. Alikataa kupanda.

Tulisimama wote wawili kwenye kibaraza cha duka. Lori la Wachina likapita. Wazee wanne walikuwa wameketi pembe nne, suti zao nyeusi zimechakaa viwikoni, wanatazama mbele. Katikati kulikuwa na kiti, na juu ya kiti gauni jekundu limetandazwa, mikono yake imewekwa juu ya viegemeo. Watu walinyamaza lilipopita. Mhaole mmoja mgeni alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Winona akanishika mkono.

"Ni Deolinda," akasema. "Hakuna mwingine aliyeiwaza ile kanuni. Nilimwambia yeye tu."

Ilikuwa nafasi ya kusema, na niliiona wazi, kama unavyouona mlango.

"Dada, unaonaje? Ni yeye?"

"Mimi sijui," nikasema. "Ila Wareno walipochagua malkia, yeye walimwacha. Mtu akiachwa, roho humtuma mengi."

"Kumbe alinionea wivu." Machozi yakamtoka sasa, kwa mara ya kwanza. "Rafiki yangu kabisa, kumbe ananionea wivu."

Jioni ile Deolinda alishuka kilima na mkate. Winona alimpokea langoni, hakumfungulia.

"Rudi na mkate wako."

"Winona, naapa kwa mama yangu."

"Usimwingize mama yako. Nilimwambia nani mwingine? Nitajie."

Deolinda akainua macho, akaniona dirishani. Tulitazamana. Sijui kama alijua. Labda alijua palepale. Aliuweka mkate juu ya nguzo ya lango akapanda kilima, na asubuhi kuku walikuwa wameumaliza.

Ndivyo nilivyompata mdogo wangu. Zile alasiri alizokuwa akiketi na Deolinda akaanza kuketi nami. Siri zikaanza kuja kwangu, ndogo kwa kubwa: nani kamkonyeza, nani kamwandikia barua, nini anakiogopa. Nilizipokea zote. Sitasema nililala vibaya. Nililala vizuri kwa miaka.

Nilidhani mambo ya umalkia yamekwisha, lakini Aprili iliyofuata Mzee Lum akasimama tena langoni, kopo la plamu mkononi.

"Kesho kutwa tunasafisha makaburi," akamwambia Winona. "Njoo."

"Mzee, mimi walinifuta."

"Kamati ilifuta. Sisi hatujafuta mtu."

Akaenda. Nami nikaenda, nikimbebea kapu, maana nilikuwa siachi aende mahali bila mimi. Alifagia majani, akapanga machungwa na nyama ya nguruwe ya kuchoma, akamimina pombe vikombe vitatu vitatu, akainama kama walivyoinama wao. Mwaka uliofuata akaenda, na mwingine. Wazee walipoanza kufa, mmoja mmoja, bila mke wala mtoto, Winona ndiye aliyewaosha, akawavisha, akawasimamia kaburini. Wa mwisho alikuwa Mzee Lum mwenyewe, mwaka 1974. Alimwachia Winona ufunguo wa nyumba ya chama na orodha ya majina ya watu sabini na wawili waliozikwa mlimani pale, na hakuna jina hata moja kwenye orodha ile alilokosa kulifagilia kaburi. Watu wa Honolulu wakija kutafuta mababu zao wanaelekezwa kwake: nenda kwa yule mama wa Wachina. Yote hayo kwa robo yake ile. Nilimwonea wivu hata hilo, kwamba kitu nilichomnyang'anya alikipata kwa mlango wa nyuma, tena kikubwa zaidi.

Aliolewa na Eusebio Lagmay, dereva wa malori ya miwa, Mfilipino mpole wa kuimba bafuni. Wakazaa watano. Akapika kwenye jiko la shule miaka ishirini na minane, na mpaka leo wanaume wenye mvi humsimamisha sokoni kumkumbusha wali wake. Mimi sikuolewa. Nilikuwa na chumba kwao, na sahani yangu mezani, na watoto wake waliniita Anti. Mwaka 2000, serikali ilipohesabu watu na kuruhusu kwa mara ya kwanza mtu aweke alama ya asili zaidi ya moja, Winona aliweka tatu kwake na nne kwa kila mtoto wake, akisema kwa sauti kila alipotia wino, "Huyu hapa! Na huyu! Nani atanifuta sasa?"

Alikuwa anacheka, lakini nilimjua. Kidonda hakikupona. Tangu gwaride lile alizunguka kwa njia ya juani asipite kambi ya Wareno. Kambi zilipovunjwa tukajengewa mtaa mpya, na kwa bahati mbaya Deolinda naye akapata nyumba mtaa uleule, nyumba ya tano kutoka kwetu. Alikuwa ameolewa na fundi wa kinu, akafiwa mapema. Kila Winona alipokwenda dukani alivuka barabara kabla ya kufika kwake, akatembea upande wa pili usio na kivuli, kisha akavuka tena. Kwenda na kurudi. Miaka arobaini na mitatu.

Halafu watoto wakatuzunguka. Mwaka 2003, Kaipo, mjukuu mkubwa wa Winona, akaleta mchumba nyumbani. Msichana mzuri, Jolene, anacheka kwa kushika ukuta. Akaulizwa kwao ni wapi, akasema, "Bibi yangu ni Deolinda, pale nyumba ya tano."

Winona akaweka kijiko chini.

"Mimi harusi hiyo sikanyagi," alisema walipoondoka. "Nampenda mtoto wangu, lakini sitakaa meza moja na yule mwanamke. Damu yake haitachanganyika na yangu mimi nikitazama."

"Winona, ni mambo ya zamani," nikasema.

"Ya zamani kwako. Wewe hukuuzwa na rafiki yako."

Kaipo alinifuata uani. Alikuwa na miaka ishirini na moja, mabega kama ya kwangu. "Anti, mwambie bibi. Wewe tu ndiye anayekusikiliza. Wewe tu."

Hilo ndilo nililolitaka maisha yangu yote: mimi tu. Nilikuwa nalo mkononi, limekamilika, na nikaona lilivyokuwa. Wiki mbili nilizunguka na maneno mdomoni. Nilijiambia atasamehe mwenyewe. Nilijiambia Jolene anaweza kumwacha Kaipo, mambo yakaisha. Ndiyo, niliwaza hata hivyo. Jumanne asubuhi nikamkuta jikoni anamenya mihogo.

"Si Deolinda," nikasema.

"Si Deolinda nini?"

"Aliyemwambia Mwalimu Morinaga. Ni mimi. Nilikuwa nawasikiliza kupitia ukutani."

Akaendelea kumenya. Akamaliza muhogo ule, akauweka kwenye maji. Akakaa.

"Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

"Gauni?"

"Gauni pia."

"Na nini tena, Adelaide? Sema yote."

"Deolinda," nikasema. "Alikuwa na wewe, mimi sina."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru angenipiga. Badala yake alinawa mikono yake, kidole kwa kidole, akaifuta.

"Nimetembea juani miaka arobaini na mitatu," akasema. "Na wewe ulikuwa unatembea pembeni yangu, umenibebea kapu."

Akavaa ndara zake, akatoka. Nilisimama dirishani. Alipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na hakuvuka barabara. Nilisikia lango la nyumba ya tano, kisha mlango, kisha sauti ya mwanamke mzee akilia, na sikuweza kujua ni yupi.

Harusi ilifanyika. Walikaa meza moja, viti vimegusana. Mimi nilipewa nafasi nzuri, meza ya pili, pamoja na shangazi wa bwana harusi wa upande wa Eusebio. Hakuna aliyenitukana. Winona hakumwambia mtu, si watoto wake wala Kaipo. Alinitunzia siri yangu vizuri kuliko nilivyomtunzia yake. Chumba changu ni kilekile na sahani yangu iko palepale.

Ila hajaniita dada tangu siku ile. Ni Adelaide. Adelaide, chumvi. Adelaide, simu yako.

Alasiri huwa yuko kwa Deolinda. Juzi nilikuwa nikipita pale na mkoba wangu wa sokoni, nikatembea polepole kuliko miguu inavyohitaji. Walikuwa kibarazani wamevua viatu, miguu yao minne imevimba juu ya mto mmoja, wananong'ona. Waliponiona wakanyamaza.

"Karibu, Adelaide," Winona akasema, kwa sauti anayowapa watu wa Honolulu wanaokuja kuulizia makaburi. "Kuna chai."

Deolinda aliinuka kwa taabu, mama wa watu, akanivutia kiti. "Kaa, dada," akasema.

Nikakaa. Nikapewa kikombe cha wageni.

"Mlikuwa mnasema nini?" nikauliza.

Wakatazamana, na kicheko kikawashika wote wawili kwa wakati mmoja, mpaka Winona akaushika ukuta.

"Hamna kitu," akasema.

Nilikunywa chai yao yote, mpaka majani. Nina miaka sitini na sita, mimi ndiye niliyewarudisha pamoja, na niliwaonea wivu mpaka nikashindwa kumeza.